Ukianza Kuua Panya, Mmalize wa Mwisho

Wanaowalaumu wahifadhi wana swali moja la haki kabisa: kwa nini chura mmoja alelewe kwa mabomba ya kunyunyiza maji, huku panya wakimwagiwa sumu kwa helikopta? Wote si viumbe?

Kwangu mimi hilo ni deni moja lenye pande mbili. Chura wa Kihansi, nchini Tanzania, hakuponzwa na udhaifu wake. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu, na mwaka 2000 maji yakachepushwa kwenda kuzalisha umeme. Panya nao hawakuogelea hadi kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Walishuka kutoka kwenye meli za wawinda sili na nyangumi. Binadamu aliyekata maji kule ndiye aliyeshusha panya huku.

Ugeni peke yake si kosa. Mahindi ni mgeni karibu kila yanakolimwa. Kiumbe huwa vamizi anapoenea bila kusaidiwa na kuwaumiza aliowakuta. Ndege wa baharini anayetaga shimoni, kwenye kisiwa ambacho hakijawahi kuwa na mnyama mwindaji wa nchi kavu, hajui kumkimbia panya. Kuzoea huchukua vizazi vingi, na panya humaliza kiota kwa usiku mmoja. Ndiyo maana hoja ya kuyaacha mazingira yajirekebishe yenyewe hainishawishi.

Ninachokataa ni kazi nusunusu. Kupunguza panya kisiwani bila kuwamaliza ni kuwafuga: wanaobaki hupata chakula tele, huzaa sana, na mwakani unanunua sumu tena. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kukurudisha mwanzo.

South Georgia ilifanywa inavyopaswa. Chambo kilimwagwa kwa awamu, 2011, 2013 na 2015, kwa sababu mito ya barafu iliwagawa panya katika maeneo wasiyoweza kuvuka. Barafu hiyo inayeyuka, kwa hiyo kungoja kungeunganisha maeneo na kuivuruga hesabu yote. Rubani hupita kwa mistari inayopishana, kwani panya hutembea eneo dogo na pengo moja lisilo na chambo linaweza kumwacha hai. Sumu yenyewe huzuia damu kuganda, tena huua baada ya siku kadhaa. Ikiua papo hapo, wengine watashtuka na kukisusa chambo. Ndege wanaokula mizoga nao hufa, na anayeficha gharama hiyo anadanganya. Kisha miaka ya kungoja, mbwa wa kunusa wakipitishwa, hadi 2018 kisiwa kilipotangazwa hakina panya.

Mpangilio nao unaweza kukuumbua. Kisiwani Macquarie, Australia, paka wa mwisho aliondolewa mwaka 2000. Sungura wakafumuka, kwa kuwa hata virusi vilivyokuwa vikiwapunguza vilikuwa vimepoteza makali, wakaguguna majani hadi miteremko ikaporomoka. Ikabidi sungura, panya wakubwa na panya wadogo waondolewe kwa mpango mmoja, uliokamilika 2014.

Kuna wavamizi wasiomalizika. Gugu maji ukilikatakata, vipande huchipua, na mbegu hulala kwenye tope kwa miaka. Hapo fukusi wa jamii ya Neochetina, wanaolila gugu hilo, ndio wenye manufaa, mradi mbolea na majitaka yanayolilisha yapunguzwe. Ila mdudu au mnyama wa kuletwa lazima ajaribiwe kwanza kama atakula mvamizi peke yake. Mwaka 1935 Australia iliachia chura wa miwa ili ale mbawakavu wa mashambani. Mbawakavu walibaki, chura akasambaa, na wanyama wanaomla wanakufa kwa sumu yake.

Chura wa Kihansi alitoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani kutokana na takriban 500 waliochukuliwa mapema. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni, ambako kuvu anayeua vyura bado ni tishio. Kwa South Georgia ulinzi sasa uko kwenye viatu: mgeni huvisugua soli na kukung'uta mifuko ya koti kabla ya kushuka, maana mbegu hujificha hata kwenye mishono.