Mlango wa Maalim

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Mkomani, hapa Lamu, ndani ndani kule ambako punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, kuta zake unene wa dhiraa nzima, na chumba cha ndani kina zidaka vya chokaa ambamo mabibi zetu walipanga sahani za Kichina. Kidaka cha katikati Shangazi ameweka ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai. Ameivika na kitambaa cha kufuma. Ukimwambia waifai haivuki ukuta, anakuuliza mbona taa zinawaka.

Nje, barazani, kila baada ya magharibi hukaa vijana sita saba wameinamia simu. Mpita njia angedhani wanavuta uradi. Kumbe wanakula waifai ya Shangazi, tena kwa raha, maana paswadi ni ileile iliyobandikwa chini ya ruta na mtaa mzima unaijua kwa moyo. Wageni wakaanza kulalamika kwamba video zinakwama. Nikaitwa.

"Ndoo, mwanangu. Wewe una kitwa cha mashine. Nifungie mlango huu wa hewani."

Mimi si fundi. Nimesomea biashara. Lakini niliwahi kumrudishia Shangazi picha za harusi zilizopotea kwenye simu, na tangu siku hiyo ukoo mzima umeniandikisha kazi bila mshahara.

Ilikuwa saa nne kasoro usiku. Ndani kulikuwa na joto, nikapanda juu ya paa, chini ya makuti, kwenye upepo. Nikafungua brauza ya simu, nikaandika 192.168.1.1. Ukurasa wa ruta ukafunguka. Jina: admin. Paswadi: admin. Nikaingia! Wallahi nilijiona mkubwa. Mtu unaandika neno moja mara mbili na unapewa funguo za nyumba.

Nikaanza kazi. Kwanza paswadi ya ruta yenyewe, hii ya kuingilia kwenye setingi, ambayo watu wengi huisahau wakashughulika na ya waifai peke yake. Nikaweka MwiziKaumbuka7. Nilicheka mwenyewe. Kisha nikazima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa tarakimu nane, ambayo tangu 2011 inajulikana kwamba tarakimu zake zinaweza kubahatishwa kwa saa chache tu.

Ndipo nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kumi na moja! Simu, simu, simu, kisha kimoja kimeandikwa TV-Sebuleni.

Shangazi hana televisheni. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilijiambia: wezi wa siku hizi hawana haya, mpaka televisheni wanakuja nayo barazani. Nikaweka kichujio cha anwani za MAC, zile namba ambazo kila kifaa hujitambulisha nazo kwa ruta, kwamba ruta isikubali kifaa chochote kwa waifai isipokuwa simu yangu. Za wageni ningeziongeza asubuhi. Papo hapo, kutoka nyumba ya pili, nikasikia sauti nzito ya mtu mzima: "Yaa Rabbi! Saa hii?"

Nikadhani jirani yetu Maalim ameangusha miwani.

La mwisho, kwa madaha, nikabadilisha paswadi ya waifai pamoja na jina la mtandao. Nikaandika USIGUSE_MALI_YA_WATU. Nikahifadhi. Ukurasa ukapotea, kama kawaida jina likibadilika. Nikalitafuta jina jipya, nikaandika paswadi mpya, nikakataliwa. Nikarudia polepole. Nikakataliwa tena.

Haya nilikuja kuyaelewa baadaye. Simu za sasa hazitoi anwani yao ya kweli ovyo. Kwa kila jina la mtandao hujivika anwani ya kubuni, ili mwenye simu asifuatwe huku na huko. Mimi nilikuwa nimeandikisha ile iliyovaliwa kwa jina la zamani. Jina lilipobadilika, simu ikabadili buibui, ikaja mlangoni na sura ngeni, na bawabu niliyemweka mwenyewe akanikana.

Dawa ninayoijua ni moja. Nikashuka, nikaomba pini ya mtandio, nikaitia kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, nikabonyeza nikihesabu mpaka kumi. Taa zikazima zote, zikarudi moja moja. Ya intaneti ikarudi nyekundu.

Kitundu kile hakifuti paswadi zako peke yake. Kinafuta kila kitu, pamoja na jina la akaunti na paswadi ambavyo fundi wa kampuni aliingiza siku ya kwanza, na ambavyo Shangazi hakuandika popote. Ghorofani mgeni wetu alikuwa mkutanoni na ofisi yake Marekani. Nikasikia mlango wake unafunguka. Na mlango wa nje ukabishwa: vijana wa barazani.

"Shangazi, samahani, intaneti yetu imekatika."

Yetu!

Sikuwajibu, maana nilikuwa nimeitazama simu na kijasho chembamba kikaanza kunitoka. Ruta ya Shangazi imerudi na jina lake la zamani, safi. Lakini hewani bado linaelea jina la pili, lina nguvu zaidi nikisogea upande wa kiambaza cha jirani: USIGUSE_MALI_YA_WATU.

192.168.1.1 si anwani ya nyumba ya mtu. Ni kama neno "kwetu": kila mtu analo, na kila mmoja linampeleka kwake. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kwa kanuni ya 1996, hazitembei kwenye intaneti ya nje, kwa hiyo nyumba elfu zinaweza kuitumia moja hiyohiyo zisigombane. Anayekuitikia ni ruta uliyoshikamana nayo saa ile. Na mimi kule juu ya paa, waifai ya Shangazi ikiwa imezikwa kidakani, simu ilikuwa imejihamia kimya kimya kwenye ya Maalim. Paswadi yake ilibaki humo tangu Ramadhani, nilipokuwa nikimsaidia mjukuu wake hesabu. Ruta zenyewe ni za kampuni moja, ukurasa mmoja, rangi moja.

Sikumaliza kuwaza. "Hodi!"

"Karibu, Maalim. Masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu. Intaneti haiyi. Ndoo unitizamie, wewe ndiye mtaalamu."

Nikaenda. Ningefanya nini? Kichujio kile kinazuia waifai tu, mwenye waya anapita, kwa hiyo nikaiunganisha kompyuta ya mjukuu kwa kebo iliyokuja na ruta. Nikaandika 192.168.1.1. Ukurasa ukaomba paswadi. Maalim kasimama bega la kulia, mjukuu bega la kushoto. Nikaandika MwiziKaumbuka7 kwa kidole kimoja, nukta zikijipanga, na ukurasa ukafunguka.

"Kaka," mjukuu akasema, "umejuaje?"

"Nimebahatisha."

Akazihesabu kimya kimya. "Herufi kumi na nne? Mara moja?"

Maalim alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akinitazamia chuoni nikisoma aya ambayo sikuidurusu. Nikakiri yote, mpaka pini. Hakunigombeza. Aliniamuru nifungue kichujio, nimwandikie paswadi zote kwenye karatasi, na nilipotaka kulirudisha jina la zamani akanizuia mkono. "Hilo liache. Lina adabu."

Kwa Shangazi mambo hayakuwa mepesi: mpaka saa tano asubuhi nilikuwa kwenye simu na kampuni nikisikiliza muziki. Mgeni alimalizia mkutano wake usiku ule kwa bando langu.

Lakini wakati naondoka kwa Maalim, alinisindikiza mpaka dakani, penye mlango wa nje, akageuka kuhakikisha mjukuu hayupo nyuma. Huyu ndiye aliyetufundisha utotoni kwamba mpira ni upuuzi, watu ishirini na wawili wanakimbiza ngozi. Akainama sikioni.

"Ile penalti... iliingia?"

Nikaangalia kwenye simu. "Ilipanguliwa, Maalim."

"Alhamdulillahi," akasema, akafunga mlango.