Insha ya Bidhaa Isiwe Tangazo la Biashara

“Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, simu ya mkononi ni chombo muhimu sana.” Msahihishaji akikutana na sentensi hii anajua yote yanayofuata: maana ya simu, faida tano, hasara tano, kisha ushauri kwamba tuitumie vizuri. Sarufi ni safi kabisa, lakini ukilifunika jina la mwandishi, insha hiyo inaweza kuwa ya yeyote darasani.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanafunzi anaanza na kampuni badala ya kuanza na swali. Mpe Coca-Cola, atakuanzia mwaka 1886 kwa mfamasia John Pemberton wa Atlanta. Ni kweli, ila hiyo ni hadithi ambayo kampuni yenyewe inaisimulia vizuri kuliko yeye. Angeanzia 1985! Mwaka huo Coca-Cola ilibadilisha ladha ya soda yake baada ya kuwaonjesha watu wapatao laki mbili, na wengi wao kuipenda ile mpya. Ilitangazwa Aprili. Wamarekani wakaja juu, wakapiga simu na kuandika barua za malalamiko, na kufika Julai kampuni ikatangaza kuirudisha ile ya zamani. Inakuwaje kinywaji kishinde kwenye kuonjwa, kisha watu wakikatae? Mwanafunzi anayehangaika na swali hilo nitamsoma mpaka mwisho, hata akikosea vituo.

Wengine hudhani dawa ni kuiponda bidhaa. Wapi! “Soda ina sukari nyingi” inachosha sawasawa na “soda inaburudisha”. Aseme kopo la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, halafu achukue kijiko cha chai aipime mezani, atueleze kilima hicho kinaonekanaje.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250. Kila mtu ataandika kwamba ilikuwa imara na ilikaa na chaji. Sawa, tunajua. Lakini kwa nini simu iwekwe tochi, na vitufe vyake vifunikwe vumbi lisipenye? Ni kwa sababu walioiunda walimfikiria mtu wa kwetu: umeme unakatika, barabara ya vumbi, choo kiko nje. Mwanafunzi wa leo huenda hakuikuta, ila nyumbani hakosi bibi au mjomba anayeikumbuka. Amuulize. Jibu moja la bibi, kwa maneno yake mwenyewe, lina uzito kuliko faida zote tano.

Na si lazima aende mbali. Kalamu ya Bic anayoandikia ina tundu kwenye kifuniko, lililowekwa ili mtoto akikimeza kikamkwama, hewa ipate pa kupita. Wangapi wamekitafuna kifuniko hicho miaka yote bila kujiuliza?

Walimu nao wanachangia. Mada ikiwa “Faida na hasara za sabuni ya unga”, mtoto atafanya nini zaidi ya kuorodhesha? Badala yake aulizwe: kwenu mnanunua sabuni gani, nani aliichagua, na kwa nini mnanunua pakiti ndogo kila siku badala ya mfuko mkubwa? Hapo wanafunzi arobaini watalazimika kuleta insha arobaini tofauti.