Kila Kitu Pale Kinapotumika

Tangu mama watoto alipopitisha kanuni kwamba kila kitu ndani ya nyumba kikae pale kinapotumika, mimi sijui tena kitu chochote kinakaa wapi. Zamani nyumba yetu hapa Uyole, jijini Mbeya, ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika wala kuusifia: vyombo jikoni, nguo kabatini, na vitu vingine vyote juu ya meza ya sebuleni, ambako mtu yeyote mwenye subira angeweza kupekua mpaka akapata alichokitaka. Sasa meza hiyo ni tupu, imetandikwa kitambaa cha kufuma, na mimi naianza siku kwa kuuliza maswali.

Kanuni yenyewe, nikisema kweli, haina ubaya inapoelezwa. Inasema vitu visipangwe kwa aina yake bali kwa shughuli za siku: vinavyotumika pamoja vikae pamoja, vya kila siku viwe karibu na mkono, na vile vya mara moja kwa mwaka viwekwe juu ya kabati. Kwa hiyo nyumba imegawanywa katika vituo. Jikoni kuna kituo cha chai, ambako majani, sukari, tangawizi, chujio na chupa ya chai vimepangwa kwenye sinia moja, na hicho nakikubali bila masharti. Mlangoni kuna kituo cha kutokea, chenye funguo, mwavuli, gambuti na mikoba ya shule. Tatizo ni kwamba soksi zangu nazo zimehesabiwa kuwa vifaa vya kutokea, kwa hiyo kila alfajiri navuka sebule peku juu ya sakafu ya saruji, katika jiji lililo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Anayetaka kujua maana ya mita 1,700 aje akanyage sakafu yetu mwezi wa Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Hata hivyo malalamiko yangu makubwa hayahusu soksi, yanahusu mkasi. Nyumba yetu ina mkasi mmoja. Mkasi huo hufungua pakiti ya maziwa asubuhi, hukata kucha za watoto Jumapili jioni, hupunguza nyuzi zinazoning'inia kwenye sare za shule, na siku za sikukuu husaidia kumkatakata kuku. Naomba nielezwe, kitu cha namna hiyo kinatumika wapi? Jibu nililopewa ni kwamba tununue mikasi mitatu, na hapo nikaelewa kwamba kanuni hii ilitungwa na watu ambao kila kifaa chao kina kazi moja. Kwetu beseni la kufulia ndilo la kumwogeshea mtoto, ndilo la kuoshea mchicha likishasuguliwa vizuri, na mvua ikizidi ndilo linalokaa chini ya bati linalovuja. Stuli ya jikoni ni kiti, ni ngazi ya kubadilishia balbu, na mgeni wa ziada akifika ni meza ya vikombe. Kiberiti kinatakiwa kwenye jiko la gesi, kwenye jiko la mkaa na kwenye mshumaa umeme unapokatika, kwa hiyo yeyote anayekihitaji hukikuta kimekwisha kwenda kituo kingine kikazi.

Ipo pia habari ya rimoti ya LUKU, kile kifaa cha kuingizia tokeni za umeme wa kulipia kabla. Rimoti ipo chumbani, kwa kuwa ndiko iliko soketi inayoikubali, lakini simu yenye ujumbe wa tokeni haruhusiwi mtu kuiondoa kwenye kituo cha kuchajia, ambacho kipo sebuleni. Basi mimi nasimama sebuleni nikizisoma kwa sauti tarakimu zote 20, mtoto wa pili anabonyeza chumbani, na tukikaribia mwisho lori la kwenda Tunduma linapita barabara kuu likipiga honi, mtoto anauliza ilikuwa sita au saba, nasi tunaanza upya.

Halafu kupanga vitu nako kunahitaji vitu. Vimenunuliwa vikapu sokoni Mwanjelwa, vimenunuliwa makopo yenye mifuniko, zimepigiliwa ndoano ukutani. Vikapu vilivyokosa kazi vimewekwa ndani ya kikapu kikubwa, ambacho kwa sasa kinatafutiwa kituo.

Waliotunga mambo haya walidhani mwaka mzima ni siku moja inayojirudia. Watu wa pwani wana vuli na wana masika, katikati wanapata nafasi ya kuanika. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwenye Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na ukikatika tu unaingia ubaridi ambao usiku wa Juni na Julai huteremka chini ya nyuzi 10. Maana yake ni kwamba kituo cha kutokea nacho huhama. Januari gambuti zenye matope ndizo zinazotawala mlangoni. Julai zimefungwa ndani ya kiroba juu ya kabati, na mahali pake pamejaa masweta na makoti mazito. Mvua ya kwanza ya Novemba huwa haisubiri mtu ashushe kiroba.

Sare za shule za mwezi wa Februari ndizo hazina ratiba kabisa, kwa sababu kambani hazikauki. Zamani zilikaukia kwenye kiti kilichosogezwa karibu na jiko la mkaa, humo humo ndani. Mama watoto amepiga marufuku jiko hilo kuvuka kizingiti, na katika hili sina ubishi hata chembe, kwa kuwa mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko likatoka, soksi zikabaki na unyevu wake. Zimehamishiwa nyuma ya friji, ambako pana joto kidogo, na sasa kila anayefungua friji anaamini kwamba nyama imeharibika.

Nimeshinda mara moja tu, nayo ni katika shauri la viazi. Gunia letu la viazi mviringo vya Uporoto lilikuwa likikaa uvunguni mwa kitanda, gizani, kwa amani. Kwa kufuata kanuni viazi vikahamishiwa jikoni chini ya dirisha, ndani ya kapu zuri la wazi, ili mpishi asitembee. Mwanga ukavifanya vya kijani, na kiazi kikishakuwa cha kijani kinakuwa kichungu na sumu yake, solanini, huongezeka. Nilitoa hoja hiyo nikiwa nimesimama. Viazi vimerudi uvunguni, na mimi naendelea kulala juu ya chakula cha mchana.

Kwenye matunda nilishindwa. Kituo cha matunda kiliunganisha parachichi za Rungwe na ndizi mbivu za Tukuyu kwenye ungo mmoja, na kwa kuwa ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva kwa matunda ya jirani, parachichi zote ziliiva pamoja. Tulizila na mkate, tukazila na wali, tukazila na ugali, mpaka watoto wakawa wanapekua mikoba yao kabla ya kwenda shule.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kanuni haijagusa, napo ni kabati la kioo la sebuleni. Humo mna vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu tulivyopewa harusini, ambavyo havijawahi kunywewa chai, sahani zake, na chupa kubwa ya maua. Niliuliza kwa adabu zote: ikiwa kila kitu kinakaa pale kinapotumika, kisichotumika kabisa kinakaaje mahali pazuri kuliko vyote? Niliambiwa hivyo ni vya wageni. Nikauliza wageni gani, maana hata mama mkwe alipokuja alipewa kikombe cha plastiki. Swali hilo halijajibiwa, ila tangu siku ile chai yangu hufika imepoa.

Kuhusu mkasi nimependekeza ufungwe kamba ndefu katikati ya sebule, kama kalamu ya kaunta ya benki, ili ufike jikoni na chumbani bila kupotea. Pendekezo limefikishwa kwenye kikao cha familia, ambacho mwenyekiti wake ni mama watoto na katibu wake ni mama watoto. Mjumbe pekee aliyeniunga mkono ni mtoto wetu wa mwisho, ambaye haruhusiwi kushika mkasi.