Bawaba Moja, Mashine ya Kilo 210

Jamani, habari yote hii imeanzia kwenye bawaba. Bawaba ya geti letu, ile ya chini, ilikatika upande mmoja, na tangu ikatike geti halifunguki mpaka ulinyanyue kwa goti huku unalisukuma kwa bega. Sisi tulishazoea. Mgeni akija tunamwelekeza kwa makelele kutoka ndani: "Nyanyua! Sukuma! Siyo hivyo, nyanyua kwanza!" Mtu anafika sebuleni anahema kama katoka kubeba magunia, salamu anaitikia kwa vipande.

Mwenye akili timamu angeita fundi wa kuchomelea. Mimi sikuita, kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimeiona mashine ya kuchomelea.

Ilikuwa kwenye karakana iliyofungwa, vitu vinauzwa kimoja kimoja. Bwana aliyekuwa anaviuza akalifunua turubai taratibu, na hapo ndipo nilipoponzwa. Kitu cha kijani, kirefu cha kunifika kifuani, magurudumu ya chuma chini, na juu yake pete ya kunyanyulia kwa kreni. Naomba muitafakari hiyo pete. Mashine yenye pete ya kreni inakwambia mapema kabisa kwamba walioiunda hawakuwa wanakuwaza wewe na stoo yako ya mafagio.

Ubavuni ina mkono wa kuzungusha. Hakuna vitufe, hakuna kioo cha namba zinazomulika. Unashika mkono, unazungusha, na ndani unasikia kiini cha chuma kinateleza taratibu katikati ya koili, huku mshale mdogo unatembea juu ya namba: 60, 120, 200, 300. Haukimbii. Unatembea kama mzee anayejua kwamba kikao hakiwezi kuanza bila yeye. Nilizungusha kwenda, nikazungusha kurudi. Nikazungusha tena. Nilivyokuja kushtuka, yule bwana amekaa kwenye ndoo ananitazama, ameshajua bei haitashuka.

"Kaka, hizi hazitengenezwi tena," akasema.

"Inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi siku ilipozimwa."

Hebu mnisaidie na jibu hilo. Hata marehemu wote walikuwa wazima mpaka siku ile. Nikamwambia tuiwashe basi tuone. Akasema pale umeme wa fezi tatu, ule mkubwa wa viwandani, ulishakatwa, lakini nisiwe na wasiwasi, ndani ni shaba tupu. Nikapiga hodi kwa kucha kwenye ubavu wake, ikaitika kwa sauti nzito ya tumboni. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Nikainama kusoma kibao. Volti 380, fezi tatu, amperi 400, asilimia 60. Nikauliza hiyo 60 ni ya nini. Yule bwana, bila kupepesa macho, akasema: "Hiyo ndiyo hali yake. Imebaki asilimia 60 ya uhai." Na mimi nikamwamini! Nikajisemea moyoni, kwa umri huu, 60 si haba, kuna watu nawajua hawafiki.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaja kujua kwamba 60 haihusiani na uhai wa kitu chochote. Maana yake ni kwamba ukiiendesha kwenye amperi 400, katika kila dakika 10 inachomelea 6 na kupumzika 4 ili ipoe. Ukishusha amperi, inaweza kwenda muda mrefu zaidi. Yaani mashine inajua haki zake za mapumziko, na zimeandikwa kwenye bati na kupigwa ripiti. Mimi kibao changu kingesoma asilimia 15, na hiyo ni asubuhi.

Nikamweleza mama watoto. Nilijiandaa vizuri, nikaanza mbali: uimara, vizazi vijavyo, kujitegemea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani bawaba zilizokatika ni ngapi?"

"Moja."

Hakuongeza neno. Angegomba ningekuwa na la kujibu.

Usiku nikaanza hesabu. Amperi 400 kwa volti kama 36 za cheche ni kilowati 14 na ushei zinazotoka kwenye waya wa kuchomelea. Transfoma za kizamani zina uchoyo wake, zinavuta zaidi ya kile zinachotoa, kwa hiyo inayoingia inaweza kufika kiasi cha maradufu ya hapo. Nyumba yangu ina fezi moja, volti 230. Hata mngenipa amperi 60, jumla ni kama kilovoti-amperi 14, yaani kama nusu tu ya inayotakiwa, na hapo friji imezimwa, taa zimezimwa, na watoto wameambiwa wasiguse swichi. Nikajipa moyo: si nitaitumia kwa amperi ndogo tu? Kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2 kinataka kama amperi 90 mpaka 130. Hizo nyumba inaweza.

Fundi umeme akaja kulimaliza hilo tumaini. Akatazama kibao kwenye simu yangu, akatazama mita ukutani, akanitazama mimi, akarudi kwenye mita, labda aliiona ndiyo yenye akili kati yetu. "Mzee, hii inataka fezi tatu. Wewe una moja. Siyo suala la kuipa kidogo kidogo. Ni kama kigoda cha miguu mitatu, huwezi kukikalia kwa mguu mmoja eti kwa sababu wewe ni mwembamba."

Basi nikauliza njia. Njia zipo, bwana, tena nyingi, na kila moja ni kubwa kuliko bawaba. Ya kwanza, kuomba uletewe fezi tatu: fomu, nguzo, nyaya, na subira. Ya pili, kuna ujanja wa kuchukua mota ya fezi tatu, unaiamsha kwa fezi moja, ikishazunguka inakuzalishia fezi iliyopungua. Ila kwa mashine ya ukubwa huu mota yenyewe ni ya kubebwa na watu wanne, na inanguruma muda wote unaochomelea. Ya tatu, jenereta ya dizeli. Yaani ninunue mashine ya kuchomelea bawaba, ninunue jenereta ya kuilisha mashine, nijenge banda la kuilaza jenereta, na banda litataka mlango, mlango utataka bawaba.

Halafu akaongeza jambo ambalo ningependa asingeliongeza. Mashine iliyolala miaka kwenye unyevu huwezi kuichomeka hivihivi. Varnishi ya koili hunywa maji, panya hutafuna nyaya, vumbi la chuma hujibanza mle ndani. Inabidi ifunguliwe, ipulizwe, ikaushwe, ipimwe inshulesheni, yaani kinga ya nyaya zake, kwa kipimo chake, ndipo iguswe na umeme. "Usipopima," akasema, "bodi lenyewe linaweza kuwa na umeme, na wewe ndiye utakayelishika kwanza." Akanywa maji yake akaondoka. Hata kunitoza hakunitoza, jambo lililonitisha zaidi.

Najua mtasema ninunue hizi ndogo za inveta, za kisasa zenye kadi za elektroniki. Nilikwenda kuziangalia. Kilo 5 au 6, ina mkanda wa begani kama mkoba wa mtoto wa shule. Inakula umeme wa kawaida wa nyumbani, inavuta kidogo kwa kazi ileile, na vijiti vya milimita 2.5 na 3.2 inavimaliza vizuri tu. Nimekubali. Kwa geti langu la chuma cha milimita 2, ile ya kijani kwenye 400 isingechomelea kitu, ingeyeyusha bawaba, geti na nguzo, ikaanza na ukuta.

Lakini mtu unawezaje kuiheshimu mashine unayoweza kuiangusha mguuni na usiumie? Na pia niseme haki yake ile ya zamani: ndani yake hamna kadi za elektroniki. Kuna chuma, koili, diodi chache kubwa kama vifuniko vya chupa, na feni. Ikiharibika unaitazama na unaona palipoharibika. Hizi ndogo vumbi la chuma likiingia kwenye kadi, inazima taa moja na kuwasha nyingine nyekundu, fundi anakwambia kadi yake haipatikani, basi. Unabaki na mkoba.

Tena hata nikiipata, mimi mwenyewe sijui kuchomelea. Hilo nilisahau kulisema. Uzoefu wangu wote ni siku moja niliyomshikia mtu bomba, naye akaniambia nitazame pembeni. Nikatazama pembeni. Kisha nikatazama kidogo tu, kwa jicho la wizi, halafu kidogo tena. Mchana sikusikia kitu, nikamwona yule mchomeleaji mwoga. Saa nane za usiku nikaamka mtu kanimwagia mchanga machoni. Machozi yanatiririka, mwanga wa taa unachoma, kope hazifunguki wala hazitaki kufungwa. Kumbe ile miali huunguza jicho kimyakimya, na bili inaletwa baada ya saa nyingi, wakati wewe umeshajisifu. Na ilikuwa mashine ndogo. Tena nilikuwa nimevaa miwani ya jua, nikidhani nimejikinga! Kioo cha ngao ya kazi hiyo ni cheusi kiasi kwamba mchana unakitazama huoni hata mkono wako.

Jumamosi nikarudi toka mihangaikoni, nikaandaa goti, nikaandaa bega, nikalivamia geti kama kawaida. Likafunguka lenyewe. Nikapitiliza nalo mpaka kwenye maua.

Mama watoto alikuwa ameita fundi. Kijana alikuja na kimkoba chake begani, akachomeka kwenye soketi ileile ya pasi, akagonga kijiti mara mbili, cheche, akagonga mavi ya chuma yakadondoka, akapaka rangi. Eti dakika tatu, na moja katika hizo alikuwa anatafuta pa kuchomeka. Nimeukagua ule mshono kwa tochi nikitafuta kasoro. Umelala kama magamba ya samaki yaliyopangwa. Nimeudharau kwa nguvu zangu zote, haudharauliki.

Tatizo wageni sasa wanaingia bila kupiga kelele, unawakuta tu sebuleni, na mimi nimevaa msuli.

Nilimpigia yule bwana wa karakana kumwambia basi, nimeghairi. Akasema hakuna neno kaka, kuna wa skrepa anakuja Jumatano, anaitaka kwa ajili ya shaba, ataikata papohapo. Ataikata! Kitu chenye mkono wa kuzungusha vile! Nikamwambia asubiri kidogo, asiipe mtu, nina jambo naliangalia.

Jana usiku nimepima mlango wa stoo. Sentimita 71. Mashine ni 64, ila ule mkono umechomoza kwa 9. Lakini unatoka. Umeshikwa na nati moja tu, nilishaiangalia.