Muamala uliosainiwa bila mtandao: umelipa au bado?

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Amu (Lamu), ana laptopu kuukuu aliyoing'oa kadi ya Wi-Fi kwa bisibisi. Jioni moja barazani alinigeuzia kioo nione mstari wa tarakimu na herufi ulioanza na 02000000 ukaenda hadi alama 444. Ulikuwa muamala mzima wa Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, umeshasainiwa kwa programu aliyoiandika mwenyewe kwa Python, na mashine yenyewe haijaonja intaneti tangu ifunguliwe mgongo.

"Ami, huu unaingia kwenye SMS tatu," akasema. "Nikiwa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, na mtandao umekata, nasaini, nampa nahodha flashi, ikifika Amu ndugu yangu anaurusha. Nimelipa bila mtandao."

Nikamwambia hujalipa, umesaini tu. Tukabishana mpaka adhana ya isha.

Kazi hapa ni tatu, na watu huzichanganya. Kuna kuunda muamala, kuna kuusaini kwa ufunguo wa siri (namba ndefu inayokupa mamlaka ya sarafu zako), na kuna kuutangaza, yaani kuukabidhi kwa nodi moja, kompyuta ya mtandao wa Bitcoin, nayo iwapashe wenzake mpaka uwafikie wachimbaji, wanaoandika miamala kwenye daftari la umma. Kusaini ni hesabu tupu, hakudai mtandao hata chembe. Kuunda ndiko kwenye mtego: lazima ujue sarafu unazotumia zilitoka kwenye muamala upi, ni tokeo la ngapi (kila malipo yanayotoka kwenye muamala ni tokeo), na ni satoshi ngapi, vile vipande vidogo kabisa vya Bitcoin. Habari hizo mtu alizitoa mtandaoni akakuletea. Kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, unahitaji namba ya zamu ya akaunti yako. Ukiruka moja, muamala unakaa unangoja zamu isiyofika.

Kijana ana hoja nzito, nisimdhulumu. Ufunguo unaokaa kwenye simu iliyounganishwa siku nzima uko jirani na wezi wa dunia nzima. Kiungo kimoja kibaya kwenye WhatsApp kinatosha. Ufunguo wa laptopu yake, mwizi itambidi apande ngazi za nyumba yao. Na lile wazo la nahodha si mzaha. Nahodha anaweza kuichelewesha flashi au kuitosa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, lakini hawezi kubadili mlipwaji wala kuongeza sifuri. Akigusa alama moja, saini inavunjika na kila nodi inaukataa. Ni barua yenye lakiri, ila hii kila mtu anaweza kuisoma.

Kinachonitia wasiwasi ni mkono wake mwenyewe. Kwenye Bitcoin ada haiandikwi popote. Ni kile kinachobaki baada ya kutoa matokeo kwenye maingizo, yaani sarafu ulizoziingiza. Tuseme ana sarafu ya satoshi 500,000 na anataka kumlipa mtu 120,000. Programu lazima imrudishie chenji ya 379,000 kwenye anwani yake, ibaki ada ya 1,000. Akiusahau mstari mmoja wa chenji, zote 380,000 ni za mchimbaji. Bitcoin Core, programu kuu ya nodi, ina kizuizi cha ada iliyopita kiasi, lakini kosa la ukubwa huu linapita chini yake bila kubishiwa hodi. Na kosa la ada si la wanafunzi tu: Septemba 2023 kampuni ya Paxos ililipa karibu Bitcoin 20 za ada kwa muamala mdogo, kwa sababu ya hitilafu ya programu. Ilibahatika, wachimbaji wa kundi la F2Pool wakazirudisha. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Saini nayo ina hatari yake. Mwaka 2013 pochi za Bitcoin kwenye simu za Android ziliibiwa kwa sababu namba za nasibu za mfumo zilikuwa dhaifu. Kila saini hutumia namba yake ya siri; saini mbili zikitumia namba moja, yeyote mwenye daftari la umma anaukokotoa ufunguo. Hapo kung'oa kadi ya Wi-Fi hakufai kitu, maana siri inatoka ndani ya saini yenyewe.

Halafu kuna saa za baharini. Flashi ikiwa njiani, mwenye ufunguo anaweza kuzitumia sarafu zilezile kwingine, na wa flashi ukawa makaratasi. Au soko la ada limepanda, ada aliyoiweka Jumatatu haitoshi Ijumaa. Nodi nyingi kwa kawaida huutupa muamala uliosubiri siku 14. Muuza kamba wa baharini wa Kizingitini aliyezoea M-Pesa, ujumbe unaingia kabla samaki hajashuka mizani, hatakuelewa ukimwonyesha alama 444. Nami nitakuwa upande wake.

Kwa hiyo msimamo wangu haukai katikati. Kwa akiba, pesa usiyoigusa miezi, saini bila mtandao na usione haya ya usumbufu. Kwa malipo ya dukani, acha. Na hata kwa akiba, usijiandikie hesabu za saini. Tumia maktaba zilizokwisha pigwa msasa na watu wengi, upitishe muamala kwa muundo wa PSBT, yaani muamala usiokamilika saini, uliobuniwa kwa kazi hii hasa, na kabla ya kurusha uufumbue kwa amri ya decoderawtransaction ya Bitcoin Core, usome kila tokeo kwa sauti huku mtu mwingine anafuata kwenye karatasi. Kijana aliniona mwoga. Juma lililofuata alikuja na karatasi.

Ule muamala wa kwanza bado unamtafuna. Hakuurusha, sarafu zake hajazitumia kwingine, na flashi haioni alipoiweka. Saini haichuji kwa kukaa. Yeyote atakayeiokota anaweza kuutangaza mwakani, na yule mlipwaji, ambaye kwa sasa wamekwisha kununiana, atapata pesa yake. Nimemwambia azihamishe sarafu zile kwa muamala mpya usiku huohuo. Akaniuliza kama nina bando.