Ukitaka kuijua Burkina Faso, anza na utani

Nilipokuwa masomoni niliishi nyumba moja na vijana wawili wa Burkina Faso, mmoja Mmossi wa Ouahigouya na mwenzake Msamo wa Tougan. Wiki ya kwanza nilidhani watauana. Mmossi akikanyaga tu jikoni, Msamo anamwuliza: "Mtumwa wangu, leo umenipikia nini?" Naye anang'aka, tangu lini mtumwa akamdai bwana wake chakula! Kelele mpaka jirani anagonga ukuta, halafu wanakaa chini wanakula sahani moja. Nilipowauliza kuna nini, walinifundisha neno la Kimoore: rakiire. Niliwaelewa hata kabla hawajamaliza, kwa sababu mimi ni Mpare, na nimekua nikiambiwa na Wachaga kwamba nitauza ng'ombe ili nishinde kesi ya kuku. Walikuwa watani.

Nimekumbuka jikoni ile kwa sababu siku hizi simu zetu zimejaa Burkina Faso, na ni Burkina Faso ya mtu mmoja mwenye kofia nyekundu. Kapteni Ibrahim Traoré alishika madaraka Septemba 30, 2022, yakiwa mapinduzi ya pili mwaka huohuo, na tangu hapo kila kundi la WhatsApp lina video yake, nyingine zikiwa na maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mwulize anayezisambaza kama nchi hiyo ina bahari. Wengi watakwama. Naamini tunawakosea Waburkinabe tukiwashangilia bila kujishughulisha kuwajua.

Bahari hawana. Wamezungukwa na Mali, Niger, Benin, Togo, Ghana na Côte d'Ivoire, kaskazini kukiwa kukavu na kusini kukiwa na mvua ya kutosha pamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 20, na lugha zao zinafika sitini hivi. Wamossi ndio karibu nusu ya wote. Mji mkuu ni Ouagadougou, ambako kila mtu, awe karani au bibi kizee, yuko juu ya pikipiki.

Jina lenyewe la nchi linastahili kusimuliwa taratibu. Zamani iliitwa Volta ya Juu, jina la Wafaransa lililotokana na mto. Agosti 4, 1984 Thomas Sankara alilibadili. "Burkina" ni Kimoore, watu waadilifu. "Faso" ni Kidioula, nyumba ya baba. Na mwananchi anaitwa Burkinabè, ambapo hicho kiambishi cha mwisho kimechukuliwa kutoka Kifulani. Lugha tatu katika jina moja! Sankara aliuawa Oktoba 15, 1987, na mengi aliyoyaanzisha yalifutwa, lakini jina hilo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Wafaransa, kwa upande wao, waliwahi kuifuta nchi nzima. Waliiunda kama koloni mwaka 1919, wakaivunja 1932 na kuwagawia jirani vipande vyake, sehemu kubwa ikaenda Côte d'Ivoire, kwenye mashamba yaliyohitaji vibarua. Waliirudisha 1947, lakini njia ya kwenda kutafuta kazi kusini ilikwishafunguka, na mpaka leo ni vigumu kupata familia ya Kimossi isiyo na ndugu Abidjan. Uhuru ulikuja Agosti 5, 1960.

Mmossi wetu alikuwa akipika tô, ambayo ni ugali wa mtama au uwele, kwa mchuzi wa majani ya mbuyu. Siku ya kwanza nilikula kwa heshima tu. Baada ya mwezi nikawa nauulizia. Ni yeye pia aliyenisimulia habari za Yennenga, binti mfalme aliyepanda farasi na kupigana vita kuliko kaka zake, akamtoroka baba yake aliyemkatalia ndoa, akazaa na mwindaji mtoto aliyeitwa Ouedraogo, yaani farasi dume. Ndiyo maana ukoo wa Ouédraogo umejaa kila kona. Na ndiyo maana tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika lililoanza Ouagadougou mwaka 1969, ni sanamu ya binti huyo juu ya farasi wake. Nchi yenye mali kidogo kuliko jirani zake wengi imelea sinema ya bara zima kwa zaidi ya miaka hamsini. Hilo sijawahi kuliona kwenye video hata moja niliyotumiwa.

Wala sijamwona Yacouba Sawadogo. Huyu alikuwa mkulima wa Yatenga, karibu na Ouahigouya. Ukame wa miaka ya 1980 ulipowahamisha wenzake, yeye alibaki akichimba zaï: vishimo vidogo vinavyochimbwa kiangazi na kutiwa samadi. Mchwa huja, hutoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, na mvua ya kwanza ikinyesha maji hayakimbii. Zaï ni ujuzi wa wazee wake, lakini yeye aliupanua, akaotesha mpaka msitu. Watu walimwita kichaa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na alifariki Desemba 2023.

Sasa Yatenga hiyohiyo iko vitani. Wapiganaji wenye silaha walianza kuivamia nchi mwaka 2015, na kufikia Machi 2023 waliokimbia makwao walikuwa zaidi ya milioni mbili. Agosti 2024 wapiganaji hao waliua mamia ya watu Barsalogho. Jeshi nalo limetuhumiwa: shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba Februari 25, 2024 wanajeshi waliua raia wasiopungua 223 katika vijiji vya Nondin na Soro. Linaloniuma zaidi ni Wafulani kubebeshwa, kama kabila, lawama za wapiganaji hao. Kule Yirgou, Januari 2019, baada ya chifu wa kijiji kuuawa, Wafulani waliuawa kwa makumi. Ni Wafulani haohao ambao kwa Wabobo ni watani, watu wa kutukanana sokoni na kuzikana. Anayeipenda Burkina Faso kweli aulize pia habari za hao, hata kama swali hilo litawaudhi mashabiki wa kapteni.

Mama yake Msamo alifia Ouahigouya mwaka juzi, wakiwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Wamossi wa Yatenga ndio watani wa Wasamo. Aliniambia kwamba kaburi lilipokuwa tayari, wanaume wawili wa mtaa, ambao hawakuwahi hata kumjua marehemu, walirukia ndani, wakajilaza na kudai kwamba mtumwa wao hazikwi bure. Familia ikachanga sarafu kidogo walizokuwa nazo. Wale wakatoka wakijipangusa vumbi, wakashika sepeto, wakafukia mpaka mwisho.