Acheni kufunga mpira wa silikoni kwenye gesi ya bia

Kuna picha inazunguka kwenye simu za sisi tunaopika bia nyumbani hapa Dar. Kegi mpya ya lita 19, yaani pipa la chuma la bia, mtungi mpya wa CO2, ile gesi inayoipa bia povu, na regulata ya geji mbili ya kushusha presha ya mtungi, tena ya maana. Halafu kutoka kwenye regulata hadi kwenye kegi zimepita mita tatu za mpira laini wa silikoni, na mwisho wake umekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Chini yake mwenye picha kaandika: "Mitambo tayari." Pongezi zikamiminika. Nilikaa kimya siku nzima, nikaona nitapasuka.

Tuelewane. Presha si tatizo hapa. Bia ya kawaida unaimimina kwa psi 10 hadi 14 (psi ni kipimo cha presha), wakati tairi la gari dogo linajazwa 30 na ushee. Kwa upepo mdogo hivyo hata mpira wa hovyo hautalipuka, na ndipo watu wanapojidanganya: mbona haujapasuka? Ni kweli, haujapasuka. Unavuja tu, tena unavuja mwili mzima.

Silikoni ina tabia ambayo wauzaji hawaisemi, na nadhani wengi hawaijui: gesi inapenya kwenye ukuta wake. Sizungumzii tundu wala maungio. Ni ukuta wenyewe, toka mwanzo wa mpira hadi mwisho. Ukiuweka karibu na mpira wa polithini, wa silikoni unapitisha oksijeni zaidi ya mara mia. Sifa hiyohiyo ndiyo inayofanya silikoni itiwe kwenye lenzi za kuvaa machoni, ili jicho lipate hewa. Jicho linaihitaji hewa hiyo. Bia yako haiihitaji.

Nimepiga hesabu. Chukua mpira wa milimita 8 kwa ndani, unene wa ukuta milimita 2, presha psi 12. Kila mita inapoteza kati ya gramu 6 na 10 za CO2 kwa siku. Zidisha kwa mita tatu za yule bwana. Kegi nzima ya lita 19 inahitaji kama gramu 95 tu kupata gesi ya kutosha, maana yake katika muda usiofika wiki moja ukuta wa mpira umeshakunywa gesi ya kegi nzima, na wewe hujamimina hata glasi. Mtungi wa kilo 2 utaisha ndani ya miezi miwili hadi minne ukiwa umekaa tu pembeni ya friji.

Kinachouma zaidi ni kwamba hutamkamata mwizi. Utaleta maji ya sabuni, utapaka kila ungio, hakuna povu linalotokeza. Fundi atakuna kichwa, atakwambia mtungi ulijazwa pungufu. Na wewe utabeba mtungi mpaka kwa mjaza gesi ukagombane na mtu asiye na kosa.

Halafu kuna oksijeni, na hapa ndipo ninapobishana na watu mpaka usiku. "Ndani kuna presha, sasa oksijeni itaingiaje?" Inaingia. Kila gesi inafuata wingi wake yenyewe, haijali presha ya wenzake. John Dalton alishalieleza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1800. Hewa ya nje ina oksijeni asilimia 21, ndani ya mpira karibu hakuna. Basi CO2 inatoka na oksijeni inaingia kwa wakati mmoja, ukuta uleule, kama daladala zinazopishana barabarani bila dereva mmoja kumuuliza mwenzake anakwenda wapi. Baada ya wiki kadhaa bia iliyokuwa inanukia maua na machungwa inanuka boksi la kartoni lililolowa, na rangi imekuwa nzito. Mpishi analaumu chachu. Analaumu maji ya bomba. Anabadilisha kimea! Mpira unamwangalia tu.

Nilimuuliza muuzaji mmoja kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kama mpira wake unafaa kwa vinywaji.

"Huu wa chakula kabisa, bosi."

"Imeandikwa wapi?"

"Si unauona ulivyo mweupe?"

Naam, weupe ndiyo cheti.

Kuna atakayesema wazee wetu walipika bila mipira. Bibi yangu kule Marangu alipika mbege maisha yake yote na hakuwahi kununua hata sentimita moja. Ni sawa, lakini mbege inanyweka ingali inachacha, gesi inajitengenezea yenyewe, na jioni pipa limekwisha. Wewe unataka bia ya hops, yale maua ya kuipa uchungu na harufu, ikae kwenye friji mwezi mzima. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa ununue nini? Nenda kwa wanaouza vipuri vya vichujio vya maji vya nyumbani. Ule mpira mwembamba mgumu wa robo inchi, wa polithini, unaochomekwa kwenye konekta za kusukuma bila klipu, ndio huo. Umetengenezwa kwa maji ya kunywa, unahimili presha kubwa kuliko utakayoitumia, na maandishi yamechapwa ubavuni. Ni mkaidi kukunja, hilo nakubali, na konekta zake zina bei ya kuudhi. Mwenye ndugu anayekuja kutoka nje amwagize ule wa tabaka mbili wenye utando wa kuzuia oksijeni, ndio bora kuliko yote. Ukikosa kabisa, plastiki ngumu yenye nyuzi ndani itakusitiri, ila ukaze kwa klipu ya chuma. Tyubu ya baiskeli iache kwenye baiskeli. Mpira wa bustani usinitajie.

Na mkisoma "bar 10" (bar nayo ni kipimo cha presha) kwenye tangazo la mpira someni na maandishi madogo: kwa nyuzi joto 20. Nyuzi 20 ziko Lushoto, haziko Mbagala saa nane mchana. Plastiki inalegea kwenye joto, na presha ya mtungi nayo inapanda: kwa nyuzi 20 una kama psi 830, ukifika nyuzi 31 umeshapita 1,000, na CO2 ya kimiminika haipo tena humo ndani. Regulata ndiyo inayobeba kishindo hicho kwa niaba ya mpira, kwa hiyo usinunue ya kubahatisha. Mtungi uwe kivulini, umesimama, na chumba kiwe na dirisha wazi, kwa sababu CO2 ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na haina harufu ya kukuonya.

Kwa yule bwana wa picha: mita zako tatu usizitupe. Silikoni inavumilia maji yanayochemka vizuri sana, kuliko mpira wowote niliotaja hapa. Itumie kuhamisha maji ya kimea kutoka kwenye sufuria yakiwa bado ya moto, kisha isuuze na uitundike ikauke. Kwenye regulata ing'oe leo.